Kigunduzi kikongwe kinaponyamaza: Jinsi maabara za kupima sumu ya mahindi zinavyosaka hitilafu

GRAFU iliyonyooka kama uzi inapotoka katika mashine ya kupima sumu ya aflatoksini, huwa na maana mbili. Huenda mahindi yaliyopimwa ni safi. Huenda pia mashine yenyewe haioni kitu. Anayetazama karatasi peke yake hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Katika nchi ambayo ugali ni chakula cha kila siku, tofauti hiyo ni ya uhai na mauti. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Watafiti waliokusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65 ya eneo hilo walibaini kuwa asilimia 55 zilizidi kiwango kilichokubalika wakati huo, ambacho kilikuwa sehemu 20 kwa kila bilioni. Asilimia saba zilizidi sehemu 1,000. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, watu 12 kati ya wagonjwa 20 walifariki wilayani Machakos kutokana na sumu iyo hiyo.

Kiwango kinachoruhusiwa nchini kwa mahindi ya kuliwa na binadamu sasa ni sehemu 10 kwa bilioni kwa aina zote za aflatoksini zikijumlishwa, na sehemu tano kwa aina iitwayo B1, ambayo ndiyo kali zaidi. Katika gunia la kilo 90, sehemu 10 kwa bilioni ni mikrogramu 900, yaani haifiki hata miligramu moja. Hakuna jicho wala pua inayoweza kutambua kiasi hicho. Kazi hiyo imeachiwa mashine.

Maabara kubwa zimeanza kutegemea spektrometa za masi, ambazo hutambua sumu kwa kupima uzito wa molekuli zake. Hata hivyo, mashine hizo ni ghali kununua na ghali zaidi kutunza. Ndiyo maana si ajabu, katika chuo au taasisi ya utafiti, kukuta kigunduzi cha mng'ao kilichohudumu kwa miaka ishirini au zaidi kikiendelea kupima mahindi, njugu na maziwa. Kikitunzwa vyema, matokeo yake ni ya kuaminika. Tatizo huja siku kinapokataa kuitikia.

Kinavyofanya kazi

Ili kuelewa hitilafu, sharti kwanza kuelewa safari ya sampuli. Mahindi husagwa, sumu ikatolewa kwa mchanganyiko wa maji na methanoli, kisha kiowevu hicho kikasafishwa. Tone dogo hudungwa katika mashine, na pampu hulisukuma kwa shinikizo kubwa kupitia neli ya chuma iliyojazwa chembechembe laini mno. Kila kemikali hupita katika neli hiyo kwa mwendo wake, hivyo zilizoingia pamoja hutoka moja baada ya nyingine.

Mbinu hii huitwa kromatografia. Mwanzilishi wake ni mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, Mikhail Tsvet, aliyeitumia kutenganisha rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuipa jina hilo mwaka wa 1906, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Jina lake mwenyewe, Tsvet, lina maana ya rangi kwa Kirusi.

Mwishoni mwa neli ndiko kigunduzi kiliko. Ndani yake mna taa ya zenoni inayotoa mwanga mkali. Kioo chenye mistari midogo mno huchambua mwanga huo na kuteua miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 365. Miale hiyo huelekezwa kwenye kijichumba cha kioo cha kwatzi ambamo kiowevu kinapita. Aflatoksini ikipita, humeza miale hiyo na kutoa mwanga wa samawati, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 440. Mwanga huo hafifu hunaswa na neli maalumu ya elektroniki iitwayo fotomaltiplaya, ambayo huugeuza kuwa umeme na kuukuza mara nyingi mno. Umeme huo ndio unaochora vilele kwenye grafu.

Sifa hiyo ya kung'aa ndiyo iliyozipa sumu hizi majina. Mwaka wa 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu yaliyokuwa na kuvu. Wanasayansi walipoichunguza sumu iliyohusika chini ya miale ya urujuanimno, waliona baadhi ya aina zake ziking'aa samawati na nyingine kijani. Za samawati zikaitwa B na za kijani G, kwa herufi za kwanza za majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Ndipo kukawa na B1, B2, G1 na G2.

Mashine ikiwa nzima na myeyusho sanifu, yaani ule wenye kiasi kinachojulikana cha sumu zote nne, ukidungwa, vilele vinne hujitokeza. Katika mbinu nyingi ambamo sumu hugeuzwa baada ya kutoka kwenye neli, hufuatana hivi: G2, G1, B2, kisha B1. Kila fundi wa maabara ya aflatoksini huujua mfuatano huo kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Siku vilele hivyo vinapokosekana, kazi ya kusaka huanza.

Mstari uliokufa na mstari ulio hai

Wengi hukimbilia kufungua mashine. Hilo ni kosa, na linaweza kuwa ghali. Jambo la kwanza ni kuutazama mstari wenyewe kwa makini huku kipimo cha grafu kikiwa kimekuzwa hadi mwisho.

Mstari ulio hai hutetemeka. Hata pasipo na sumu yoyote, taa huchezacheza kidogo na fotomaltiplaya huwa na mtikisiko wake wa asili, kwa hivyo mstari ukikuzwa huonekana kama nyasi fupi. Mstari usiotetemeka hata kidogo huashiria kuwa ishara ya kigunduzi haifiki kwenye kompyuta au kinasa grafu. Waya umechomoka, umekatika ndani ya ganda lake au umechomekwa kwenye tundu lisilofaa. Vigunduzi vingi vya zamani vina matundu mawili ya kutolea ishara, moja la volti kamili na jingine la milivolti chache. Ukikosea tundu, vilele huwa vidogo kiasi cha kutoonekana, au hugonga dari na kukatika.

Jaribio lake ni rahisi. Mita ya kawaida ya umeme, ile anayoibeba fundi yeyote wa redio, huunganishwa moja kwa moja kwenye tundu la ishara. Kitufe cha kurejesha sifuri kikibonyezwa, tarakimu zinapaswa kusogea. Zikisogea ilhali grafu imetulia, kigunduzi hakina hatia; kosa liko kwenye waya, kwenye kifaa cha kunasia ishara au kwenye programu ya kompyuta.

Ikiwa mstari unatetemeka lakini hauna vilele, swali hubadilika. Je, kigunduzi kinakosa mwanga, au hakuna chochote cha kukiona? Swali hili linafaa kujibiwa kabla ya mengine yote kwa sababu linagawa mtambo mzima mara mbili: upande mmoja kigunduzi, upande wa pili kila kitu kilicho nyuma yake, kuanzia pampu hadi gunia.

Maji safi na soda chungu

Kuna majaribio mawili ya kujibu swali hilo, na yote hayahitaji sumu yoyote.

La kwanza ni la maji matupu. Mhindi C. V. Raman alionyesha mwaka wa 1928 kwamba mwanga unapogonga molekuli, sehemu ndogo yake hutawanyika ikiwa imebadilika rangi. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930. Maji safi yakimulikwa kwa miale ya nanomita 350, hutawanya mwanga kidogo wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 397. Kigunduzi kizima lazima kiuone mwanga huo. Fundi hupitisha maji yaliyochujwa vizuri na kuondolewa hewa, anaweka miale ya kumulika kwenye 350, kisha anasogeza upande wa kupokea polepole kutoka 380 hadi 420. Mwinuko ukitokea karibu na 397, taa, vioo na fotomaltiplaya zote zinafanya kazi. Ukitokea mbali na hapo, kwa mfano 405, vioo vya kuchagua mwanga vimehama na vinahitaji kurekebishwa. Usipotokea kabisa, kigunduzi ndicho kigonjwa.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba linaweza kufanywa kila mwezi na ukubwa wa mwinuko ukaandikwa daftarini. Maabara yenye daftari kama hilo huiona taa ikififia kwa miezi kadhaa kabla haijafa. Isiyo nalo hushtukia siku ya mwisho.

Jaribio la pili ni la kwinini, dawa ambayo vizazi vya Wakenya vimeionja vikitibiwa malaria. George Gabriel Stokes aliichunguza kwinini mwaka wa 1852 alipokuwa akieleza jinsi baadhi ya vitu vinavyomeza miale isiyoonekana na kutoa mwanga unaoonekana. Ile soda chungu inayouzwa madukani kwa ajili ya kuchanganyia vinywaji huwa na kwinini ndani yake. Ikitikiswa hadi gesi iishe, ikachujwa, ikazimuliwa kwa maji mara mia moja hivi na kudungwa moja kwa moja kwenye kigunduzi bila kupitia neli ya kutenganisha, hutoa kilele kikubwa. Zaidi ya hayo, kwinini hung'aa katika mipangilio karibu sawa na ile ya aflatoksini, kwa hivyo mashine hujaribiwa katika hali ileile ya kazi. Anayetumia chumvi halisi ya kwinini aiyeyushe kwa asidi hafifu ya salfuriki wala si ya haidrokloriki, kwa kuwa kloridi huuzima mng'ao wa kwinini.

Neli ya kutenganisha huondolewa katika jaribio hili kwa makusudi, na mahali pake kuwekwa kiungio kitupu. Sukari na viungo vya soda havina kazi ndani ya neli inayogharimu makumi ya maelfu ya shilingi.

Taa

Kigunduzi kikishindwa majaribio hayo, mshukiwa wa kwanza ni taa. Taa ya zenoni ina umri wa saa mia kadhaa hadi elfu mbili hivi, ikitegemea aina yake na jinsi inavyotumiwa. Kila inapowashwa hupoteza sehemu ya umri huo. Maabara inayopotewa na umeme mara tatu kwa siku inaila taa yake haraka kuliko mwongozo wa mtengenezaji unavyosema, hasa mashine ikijiwasha tena taa ikiwa bado moto. Kifaa cha kuhifadhi umeme hugharimu pesa, ila hulipa gharama yake kwa taa chache tu.

Taa kuwaka hakumaanishi kuwa ni nzima, na hapa wengi huteleza. Zenoni iliyochakaa huendelea kutoa mwanga mweupe unaoonekana kupitia matundu ya kupitishia hewa, ilhali miale yake ya urujuanimno imekwisha nguvu. Kioo chake huingia weusi kwa ndani. Cheche yake pia huhamahama, na mstari wa grafu ukapanda na kushuka bila mpango.

Kubadilisha taa hiyo si sawa na kubadilisha balbu ya sebuleni. Gesi iliyo ndani ina shinikizo kubwa hata taa ikiwa baridi, hivyo ikianguka inaweza kulipuka na kurusha vipande vya kioo. Fundi huvaa kinga ya uso na glavu nene, husubiri ipoe kabisa, na kamwe hagusi kioo chake kwa vidole vitupu kwa sababu mafuta ya ngozi huungua juu yake na kukidhoofisha. Umeme wa kuiwashia hufikia maelfu mengi ya volti kwa kitambo kifupi. Mshtuko wa umeme huo umewahi kuvuruga kompyuta zilizo karibu, ndiyo maana miongozo mingi ya zamani hushauri taa iwashwe kwanza, na vifaa vingine baadaye. Wala hakuna sababu ya kuitazama ikiwaka kifuniko kikiwa wazi. Miale yake huumiza macho.

Taa mpya ikishawekwa, hulazimu ielekezwe upya kwa skrubu ndogo hadi mwinuko wa maji ufikie kilele chake. Wapo wanaoruka hatua hii na kulalamika kuwa wameuziwa taa mbovu.

Vioo, kuvu na jicho la mashine

Ikiwa taa ni nzima, mwanga unapotelea njiani. Kijichumba cha kioo huchafuka kwa mabaki ya sampuli zisizosafishwa vyema. Mara nyingi husafishika kwa kupitisha maji, kisha methanoli, na ikibidi asidi hafifu ya naitriki, mradi maji yatangulie na yafuate asidi hiyo na isikutane na methanoli. Povu la hewa likikwama humo, mstari hurukaruka au hukaa juu pasipo sababu. Kulitoa huhitaji subira kuliko nguvu, kwani kijichumba hicho huvumilia shinikizo dogo tu na fundi mwenye haraka anaweza kukipasua.

Katika maeneo yenye unyevu kama vile Pwani, kuvu humea juu ya vioo na lenzi, sawa na inavyomea kwenye kamera. Kuvu kuipofusha mashine inayosaka sumu ya kuvu ni kejeli isiyomchekesha msimamizi yeyote wa maabara. Chumba chenye hewa kavu na mashine inayowashwa mara kwa mara hupunguza tatizo hilo.

Fotomaltiplaya nayo huzeeka, lakini polepole. Aghalabu huuawa kwa uzembe: mtu hufungua kifuniko mashine ikiwa imewashwa, na mwanga wa chumba ukamiminika kwenye kifaa kilichoundwa kuona mwanga hafifu mno. Kwa kuwa hutumia umeme wa mamia ya volti, hadi elfu moja hivi, hili ni eneo la fundi aliyesomea kazi hiyo.

Kigunduzi kisicho na kosa

Hali yenye hatari zaidi ni ile ambapo kigunduzi kinafaulu majaribio yote, nayo sumu haionekani.

Katika mchanganyiko wa maji na methanoli unaotumiwa kwenye mashine hizi, B2 na G2 hung'aa vyema. B1 na G1 hufifia mno, na katika viwango vya chini hupotea kabisa. Kwa sababu hiyo, lazima zigeuzwe kikemikali kabla ya kufika kwenye kigunduzi. Baadhi ya maabara hutumia asidi ya trifluoroasetiki kabla ya kudunga sampuli. Nyingine huongeza iodini baada ya neli na kupasha moto. Kuna zinazotengeneza bromini papo hapo kwa kupitisha umeme kwenye kiowevu chenye bromidi ya potasiamu na asidi kidogo, na nyingine huzungusha kiowevu ndani ya neli nyembamba ndefu iliyosukwa kuizunguka taa ya miale ya nanomita 254.

Hatua hii inapokwama, grafu ya myeyusho sanifu hutoa vilele viwili, G2 na B2, badala ya vinne. Hiyo ni saini isiyoweza kukosewa. Kigunduzi kinaona, kinacholala ni kigeuzi. Taa ya nanomita 254 imeungua, iodini imekaa siku nyingi ikaharibika, kipasha moto kimezimika, au aliyetayarisha kiowevu asubuhi alisahau bromidi. Kosa hili la mwisho ni la kawaida kuliko yanavyodhania mabaraza ya ukaguzi, na dawa yake ni chupa mpya ya kiowevu.

Kwa nini hali hii ni mbaya kuliko taa iliyokufa? Taa iliyokufa hujitangaza, kwa kuwa hakuna kitu kinachoonekana na kila mtu anajua mashine imeharibika. Kigeuzi kilichokufa huacha mstari unaotetemeka vizuri na hata vilele viwili vya kupendeza. Lakini katika mahindi, kuvu aina ya Aspergillus flavus hutoa hasa B1, huku B2 ikiwa sehemu ndogo tu. Sampuli yenye sumu nyingi inaweza kutoka na kilele kidogo cha B2 kinachopuuzwa, na cheti kikaandikwa kuwa B1 haikupatikana. Mashine haikudanganya. Iliulizwa swali ambalo haikuweza kulijibu.

Kinga ni kudunga myeyusho sanifu mwanzoni mwa kazi, katikati na mwishoni, na kutokubali matokeo yoyote ikiwa vilele vinne havikuonekana kila mara. Kilele cha B1 kinapaswa kulinganishwa na cha B2 siku hadi siku. Uwiano huo ukianza kushuka, kigeuzi kinachoka hata kama vilele vyote vingali vinaonekana.

Nyuma ya neli

Iwapo myeyusho sanifu unatoa vilele vinne na sampuli haitoi chochote, kuna uwezekano wa kweli kuwa mahindi ni safi. Kabla ya kukubali hivyo, maabara makini huchukua mahindi yasiyo na sumu, huongeza kiasi kinachojulikana, na kuyapitisha katika hatua zote tangu mwanzo. Kwa viwango vya sehemu moja hadi 10 kwa bilioni, kanuni za Ulaya za mwaka wa 2006 ziliruhusu kati ya asilimia 70 na 110 ya sumu iliyoongezwa irejee. Ikirejea asilimia 20, kuna mahali inapopotelea.

Mahali hapo mara nyingi ni vile vijineli vya kusafishia sampuli vyenye kingamwili zinazoinasa aflatoksini. Kinachofanya kazi ndani ya vijineli hivyo ni protini. Vikiachwa kwenye joto, vikigandishwa au vikipitwa na muda, hushindwa kuinasa sumu. Kadhalika, sampuli isipozimuliwa vya kutosha, methanoli iliyomo huzizuia kingamwili kufanya kazi, na sumu yote ikamwagwa na maji taka.

Mahali pengine ni vyombo. Aflatoksini iliyo kwenye maji hujishikiza kwenye kioo, na mwanga huiharibu, hivyo miyeyusho sanifu hutunzwa gizani kwenye baridi. Isitoshe, maabara hizi huosha vyombo kwa klorini, ile ile ya kung'arishia nguo, kwa kuwa huivunjavunja sumu hiyo. Chupa isiyosuuzwa vizuri baada ya kuoshwa hivyo huendelea na kazi hiyo juu ya sampuli inayofuata.

Kisha kuna makosa ya kawaida kabisa, ambayo fundi mwenye uzoefu huyaangalia katika dakika kumi za mwanzo. Pampu inasukuma kweli? Kopo la kipimo likiwekwa kwenye neli ya kutokea na pampu ikiwa kwenye mililita moja kwa dakika, mililita 10 zinapaswa kujaa kwa dakika 10. Kuna chumvi nyeupe iliyoganda kwenye kiungio? Hapo panavuja. Sindano ya kudungia inafika kwenye kiowevu, au inavuta hewa kwa kuwa chupa imekaribia kuisha? Na mashine iliyoletwa kama msaada kutoka Marekani imewekwa kwenye volti 240, au bado iko kwenye 115? Swali hilo la mwisho huulizwa kabla ya kuwasha, kwani baada ya hapo jibu hutolewa na moshi.

Vyeti vilivyokwisha kutolewa

Hitilafu ikishapatikana, maabara nyingi huona kazi imekwisha. Kwa maabara iliyoidhinishwa chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, utaratibu ambao humu nchini husimamiwa na taasisi ya Kenas, kazi bado iko nusu. Kiwango hicho kinadai kwamba kifaa kikibainika kuwa na kasoro, kitengwe, kithibitishwe upya kabla ya kurejeshwa kazini, na athari ya kasoro hiyo kwa matokeo ya awali ichunguzwe.

Sharti hilo la tatu ndilo gumu. Humlazimu msimamizi arudi kwenye daftari hadi siku ya mwisho ambayo myeyusho sanifu ulitoa vilele vinne vya ukubwa unaofaa, kisha aorodheshe kila sampuli iliyopimwa tangu siku hiyo. Kama jaribio hufanywa kila asubuhi, huenda ni sampuli za siku moja. Kama hufanywa mara moja kwa wiki, ni za wiki nzima, na baadhi ya mahindi hayo yameshasagwa na kuuzwa.

Sampuli zilizohifadhiwa hupimwa tena. Ambazo hazikuhifadhiwa, mteja huarifiwa kwa maandishi kwamba cheti chake hakina nguvu. Barua ya namna hiyo haipendezi kuiandika, hasa kwa mwenye kinu ambaye unga wake umekwisha kufika madukani, na pana kishawishi cha kuiahirisha hadi wiki ijayo. Maabara zinazoiandika siku hiyo hiyo hutunza sehemu ya kila sampuli kwenye jokofu kwa miezi kadhaa, ili kukiwa na shaka pawe na kitu cha kurudia.

Kuhusu kigunduzi chenyewe, watengenezaji huacha kuunda vipuri miaka michache baada ya kuacha kuunda mashine. Maabara zenye vigunduzi vya umri huo huweka stoo kingine cha aina iyo hiyo kilichokufa, na kukifanya ghala la skrubu, vioo na saketi. Taa mpya hununuliwa moja zaidi ya inayohitajika na tarehe yake kuandikwa kwenye boksi. Vyuo vingine vimewapa wanafunzi wa kemia mashine hizo kongwe wajifunze kuzifungua, kwa sababu za kisasa hufungwa kwa namna ambayo mwanafunzi haoni taa wala kioo.

Taa na fotomaltiplaya zikiharibika kwa pamoja na kosekane vipuri, gharama ya kuzitafuta ng'ambo hukaribia bei ya kigunduzi kilichotumika lakini kizima. Hapo msimamizi huandika ombi la fedha. Wakati akisubiri jibu, sampuli hupelekwa kwa maabara nyingine iliyoidhinishwa, na kwenye mlango wa mashine kubandikwa karatasi yenye tarehe, jina la aliyeifunga na agizo kwamba isitumike.